Mkuu wa Maziwa Asiyejua Kuogelea

Mzee Khatibu Selemani anastaafu tarehe 31 Oktoba mwaka huu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya Kilele na Ziwa kwa miaka ishirini na miwili. Kwa muda wote huo amekuwa mkuu wa shughuli za majini katika safari zetu za Wales, na hajui kuogelea.

Sentensi hiyo ya pili nimeiandika na kuifuta sijui mara ngapi. Nimekwisha kuandika wasifu wa wastaafu kadhaa katika jarida hili la wafanyakazi, na kila mmoja niliumaliza kabla chai yangu haijapoa. Huu umenishinda tangu siku tuliporudi. Kila nikianza naliona tena lile ziwa, naona maboya ya rangi ya chungwa yakipanda na kushuka juu ya maji meusi, na mwili unanisisimka upya. Mtanisamehe basi. Mnasoma habari za mtu ninayempenda sana, zilizoandikwa na mtu ambaye bado hajaamini alichokiona kwa macho yake mawili.

Lakini desturi ya ukurasa huu ni kuanza mwanzo, nami nitajikaza nianze mwanzo.

Kwa wale waliojiunga nasi karibuni, kampuni hii ilianzishwa na Dada Nomsa sebuleni kwake, hapa hapa Johannesburg, mtaa wa Observatory. Dada Nomsa alizaliwa Morogoro, baba yake akiwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekimbilia huko na mama yake Mtanzania. Alikuja huku na wazazi wake akiwa binti, kisha akapata ufadhili wa kwenda kusoma kaskazini mwa Wales, katika nchi ya milima ambayo wenyewe wanaiita Eryri. Huko ndiko alikokutana na maziwa. Mkute ana nafasi atakusimulia Llyn Idwal lililojificha katikati ya majabali, na Llyn Padarn lenye vifusi vya mawe meusi ya kuezekea kingoni, na Llyn Tegid refu ambalo garimoshi dogo linatambaa pembeni yake. Llyn kwa lugha ya kule ni ziwa. Akaona kwamba watu wa Johannesburg, wanaoishi katika jiji kubwa lisilo na bahari wala mto wa maana, wangefurahi kwenda kupanda milima ile na kupiga kasia kwenye maji yale. Hakukosea. Kila mwaka, huku kwetu tukiwa tumejikunyata kwa baridi na kule ni kiangazi, tunapeleka familia, shule na makundi ya makanisa na misikiti.

Alichokosa mwanzoni ni mtu wa kusimamia maji. Ndipo akaja Khatibu, wakati huo mlinzi wa duka la samani mjini, mwenye mke na watoto, aliyesikia kwamba kuna mama mmoja Observatory anatafuta dereva anayesema Kiswahili. Dada Nomsa mwenyewe anakiri kwamba usaili ule haukuwa usaili. Alimuuliza anatoka wapi. Khatibu akajibu kwamba anatoka Tanga. Dada Nomsa, ambaye alikuwa hajasikia Kiswahili cha nyumbani kwa miezi mingi, machozi yakamlengalenga, akasema kwamba dereva atatafutwa mwingine, yeye Mungu amemletea mtu wa maji. Hakuuliza swali la pili. Kesho yake Khatibu alipofika kazini alikuta fulana yenye jina lake na filimbi imening'inizwa kwenye kiti.

Mimi nilikuja miaka michache baadaye, kutoka Unguja, nikakaa kwenye dawati la tiketi. Siku ya kwanza nilimwita mtu wa Pwani mwenzangu. Akacheka kidogo, akanimiminia chai. Ofisi nzima ilimwita Samaki wa Tanga, na utani huo ulifika hadi kwenye vipeperushi vya kampuni, chini ya picha yake akiwa amesimama kando ya ziwa na filimbi shingoni. Kando ya ziwa, naomba mzingatie. Hakuna picha hata moja inayomwonyesha ndani yake.

Sasa hivi nakaa nikiunganisha mambo huku nimejishika kichwa. Samaki gani huyo asiyekula samaki? Siku nilizoleta pweza wa nazi ofisini, yeye alifungua bakuli lake la maharage na kusema kwamba tumbo lake halielewani na vitu vya baharini. Mwaka ule kampuni ilipotupeleka Durban kupumzika, alipata mafua ya ghafla tulipowasili na yakapona ghafla tulipoondoka, na katikati alishinda hotelini akiitazama bahari kupitia kioo. Sisi tulimnunulia dawa. Filbert, dereva wetu kutoka Dar es Salaam, alimchemshia tangawizi.

Na huko mlimani je? Eryri mvua inanyesha kama imeajiriwa. Wateja wanateleza kwenye mawe na kukaa chini bila kupenda, huku Mzee Khatibu anapita na begi lake mgongoni na la mteja kifuani, kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Ukungu ukishuka, wakati wenyeji wenyewe wanatafuta alama za njia, yeye husimama kidogo, hugeuza uso, na kusema njia ni hii. Filbert alimuuliza siku moja mtu wa Pwani amejifunzia wapi kutembea kwenye ukungu. Akajibiwa kwamba mtu huzoea. Tuliridhika na jibu hilo kwa miaka.

Sifa zake kazini zinajulikana, na hazifutiki kwa lolote nitakalosimulia hapa chini. Ni yeye aliyeweka sheria kwamba hakuna mteja wala kiongozi wa msafara atakayepanda mtumbwi Wales kabla hajapita kwenye bwawa la kuogelea la Rosettenville, kusini mwa jiji letu. Kila Jumamosi ya msimu, mwalimu wa kuogelea alikuwa ndani ya maji na Mzee Khatibu ukingoni, na chupa yake ya chai, kamba yake na sauti yake. Hakujali kama unajua kuogelea kwa mitindo. Alitaka kitu kimoja, ulale chali majini bila kuhangaika mpaka yeye aseme basi. Mwanasheria mmoja wa Midrand, aliyewahi kukiwakilisha chuo kikuu chake katika mashindano ya kuogelea, alikataa mafunzo hayo akasema ni ya watoto. Mzee Khatibu hakubishana naye. Walipofika Llyn Padarn, mwanasheria alikaa ukingoni na mkate wake safari nzima akiwatazama wenzake wakipiga kasia. Akaandika malalamiko marefu. Mwaka uliofuata alikuja Rosettenville na taulo lake, akalala chali kama mtoto mwema, na sasa ni mteja wetu wa kudumu.

Vilevile ni yeye aliyetufundisha kwamba mtu akizidiwa majini usimkimbilie, maana atakukumbatia mzame wote. Kamba kwanza, mtu baadaye, ndivyo alivyosema mpaka wateja wakawa wanamwigiza kwenye basi. Katika miaka yote hiyo tumepoteza makasia, miwani na simu nyingi sana. Hatujawahi kumpoteza mtu.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Rosalia, kiongozi wetu kijana kuliko wote. Rosalia amekulia Rosettenville, mama yake ni Mtanzania mwenye duka la vitambaa, na kama vijana wengi waliozaliwa huku alikuwa anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza. Alipoanza kazi aliogopa maji hata ya kufika magotini. Mzee Khatibu hakumwacha. Alimwita kila Jumamosi, akamkalia ukingoni, akampigia kelele kwa Kiswahili mpaka binti akawa anaelea, kisha anaogelea, kisha anawapita walimu. Rosalia husema kwamba Kiswahili chake chote alikipata na masikio yamejaa maji.

Sasa nafika Agosti mwaka huu.

Kampuni ina utaratibu mzuri kwamba mfanyakazi wa ofisini hupelekwa Eryri mara moja, aone anachowauzia watu. Zamu yangu iliangukia kwenye safari ya mwisho ya Mzee Khatibu. Dada Nomsa naye alikuja, baada ya miaka mingi ya kubaki ofisini, ili amuage mtu wake kwenye maziwa yale yale. Tuliongozana na Rosalia, Filbert wa kuendesha basi, familia kadhaa na walimu wawili wa shule. Siku ya kwanza nilitumbukiza mguu Llyn Tegid nikautoa nikidhani umekatwa, na hicho kilikuwa kiangazi chao. Nilipanda milima niliyokuwa nikiiuza kwa kuisoma tu, nikaona kondoo wamesimama mahali ambapo mbuzi wa kwetu angeomba msaada, nikaona kuta za mawe zimepanda vilima bila tone la saruji. Nilimwona pia Mzee Khatibu akiyatazama yale mabonde ya ukungu kwa uso ambao sikuwahi kuuona ofisini. Nilidhani ni huzuni ya kustaafu.

Siku ya mwisho, kundi zima likiwa limekusanyika kando ya Llyn Tegid, Dada Nomsa alisimama akatangaza kwamba ana ombi moja. Alitaka Samaki wa Tanga ampeleke yeye mwenyewe kwa mtumbwi, wazunguke kidogo, wapigwe picha ya kumbukumbu katikati ya ziwa. Watu wakapiga makofi. Mzee Khatibu alitoa sababu ya upepo, na kweli kulikuwa na upepo kiasi. Akatoa sababu ya mgongo. Dada Nomsa akamshika mkono kama mtu anavyomshika kaka yake harusini, na mbele ya wageni wote wale hakuwa na pa kutokea.

Alivaa boya. Kisha akachukua la pili, akalivaa juu ya lile la kwanza. Tulicheka sana. Akanikabidhi viatu vyake na ile filimbi, nami nikaivaa shingoni.

Mtumbwi ulikuwa mwepesi, wa watu wawili. Rosalia alitangulia kwenye wa kwake na simu ya kupigia picha. Mzee Khatibu akaanza kupiga kasia, na mtumbwi ukazunguka papo hapo. Akapiga tena ukazunguka upande wa pili. Sisi tuliokuwa nchi kavu tulidhani anatuchekesha, tukampigia makofi. Ninapokumbuka makofi yale nasikia aibu mpaka miguuni. Polepole walisogea mpaka maji yakawa meusi, na hapo Dada Nomsa akainuka nusu, akageuka kupunga mkono kwa ajili ya picha, upepo ukapiga, mtumbwi ukalala upande.

Dada Nomsa aliibuka anacheka. Nasema kweli, alikuwa anacheka, maana aliyekuwa naye ni mtu wa maji, kitu gani kingeharibika? Halafu Mzee Khatibu akaibuka nyuma yake, macho yamemtoka, akamkamata shingoni. Hakumkamata ili amwokoe. Alimpanda. Kicheko kikakatika, na kichwa cha bosi wetu kikaingia chini ya maji pamoja na boya lake, kikatoka, kikaingia tena. Niliwasikia walimu wakiuliza kama huo nao ni mchezo. Mimi nilikuwa nimesimama na viatu vya mtu mikononi. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu, wala sikukumbuka kuipuliza.

Rosalia hakuwasogelea. Alisimamisha mtumbwi wake mbali kidogo, akarusha kamba. Kamba ilimpita Mzee Khatibu begani, hakuiona. Akaivuta, akairusha tena. Kisha akapiga kelele kwa Kiswahili, kwa sauti na mkazo ule ule tunaoujua sote, ila safari hii ilikuwa sauti ya msichana:

"Mzee Khatibu, acha kupigana na maji! Lala chali. Tazama juu. Kamba iko mkononi mwako, ishike."

Nikamwona mtu yule anatii. Mikono ikamwachia Dada Nomsa, kichwa kikarudi nyuma, uso ukatazama mawingu, vidole vikaifunga kamba. Maboya yake mawili yakamshika. Akalala juu ya maji, mzima mzima, huku akitamka shahada, na Rosalia akamvuta polepole hadi ufukoni. Dada Nomsa aliogelea mwenyewe, akatoka kabla yao, akakaa kwenye kokoto akikohoa.

Tukapanda basi. Filbert aliendesha huku anatikisa kichwa. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na sehemu ya kuota moto, tukakaa pale na blanketi, mvua inapiga madirisha, na wateja kwa heshima zao wakaenda vyumbani mapema. Dada Nomsa alikuwa na alama nyekundu shingoni. Ndipo akauliza swali ambalo alipaswa kuuliza siku ya usaili.

"Kaka Khatibu, hujui kuogelea?"

"Sijui, dada."

"Na Tanga?"

"Tanga ni mkoa, dada. Mimi kwetu ni Mlalo, huko juu Lushoto. Bahari niliiona nimeshaoa."

Filbert akashangaa kama wenyeji wa huku, "Eish!"

Mimi nilisoma jiografia shule ya msingi kama Mtanzania mwingine yeyote. Nilichora ramani ya mkoa wa Tanga, nikaipaka milima ya Usambara rangi ya kahawia kwa penseli. Najua Lushoto kuna baridi, ukungu, kabichi na matunda ya nchi za baridi, na kwamba barabara ya kupanda kutoka Mombo inageuza matumbo ya watu. Lakini tuko mbali na nyumbani, ndugu zangu, na huku ugenini mtu akisema Tanga sote tunasikia mawimbi, hata sisi tusio na udhuru. Msambaa wa watu, mtoto wa milimani hasa, tumemfanya samaki kwa miaka ishirini na miwili, na maharage yake tukayaona.

Akatueleza yote, kwa utulivu ulionitisha kuliko kelele. Siku ile ya usaili alitaka kumsahihisha Dada Nomsa, akaona machozi yake, akaahirisha mpaka kesho. Kesho akakuta fulana na filimbi. Wiki iliyofuata alikuwa Eryri, akaona bonde lenye ukungu na watu wanaosalimiana kwenye vijia vyembamba, akahisi amerudi kwao Mlalo, na ulimi ukazidi kuwa mzito. Mkewe, Bi Zubeda, ndiye peke yake aliyejua. Kila Agosti alikuwa halali vizuri mpaka apigiwe simu.

Dada Nomsa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na safari hii hakumwita kaka:

"Miaka yote hiyo, Khatibu. Watoto wa watu."

"Mwanzo niliogopa kukosa kazi," Mzee Khatibu akajibu. "Baadaye nikaogopa mtu atakufa mbele yangu, mimi nimesimama na filimbi. Hofu hiyo ya pili haijaniacha hata siku moja. Ile kamba, lile bwawa, kulala chali, vyote vinatoka humo."

Dada Nomsa akanyanyuka akaenda kulala.

Tuliporudi Johannesburg aliniita akaniambia niache kuandika wasifu. Sherehe ya kumuaga nayo ikafutwa. Vipeperushi vyenye picha ya Samaki wa Tanga vikatolewa ukutani, na ule ukuta ukabaki na madoa ya gundi. Mzee Khatibu aliendelea kuja kazini kila siku kwa wakati, akaitia filimbi kwenye droo, akasafisha maboya ambayo yalikuwa safi. Kisha akafanya jambo linalofanywa na watu wetu kabla ya safari ndefu. Alipita dawati kwa dawati kuomba radhi, kwa alilotukosea tunalolijua na tusilolijua. Mimi nililia hadharani bila haya. Alipofika kwenye mlango wa Dada Nomsa, aliambiwa kwamba bosi yuko kwenye simu. Simu zote za ofisi zinapitia kwangu. Hakuwa kwenye simu.

Niliona alivyogeuka. Aliniambia kwamba sherehe haina shida, hata zawadi haina shida, ataondoka na begi lake kama alivyokuja. Lakini hawezi kuupanda mlima wa kwao, akasalimie makaburi ya wazazi wake, huku moyo wa yule mama aliyempa ugali wa watoto wake umemfungia mlango. Hilo ndilo lililokuwa linamla, na siku zilikuwa zinakwisha.

Lililofuata nimelisikia kwa Rosalia. Jumamosi moja Dada Nomsa alikwenda Rosettenville kumwambia kwamba kuanzia sasa maziwa ni yake. Alipofika, kabla ya jambo lolote, alimuuliza kama anajua kuogelea. Nadhani sasa atawauliza watu wote swali hilo mpaka anakufa. Rosalia akasema anajua. Akaulizwa nani kamfundisha.

"Mwalimu alikuwa ndani, Ma," Rosalia akamwambia. "Lakini sikumbuki hata neno lake moja. Nakumbuka ya yule wa ukingoni."

Kisha akamwonyesha kwa kidole. Mzee Khatibu alikuwa pale, ingawa hakuna aliyemwita, kwa sababu kulikuwa na viongozi wapya wa kufundishwa na ilikuwa Jumamosi. Chupa ya chai ilikuwa pembeni na kamba magotini. Ila suruali ilikuwa imekunjwa, na miguu yake, kwa mara ya kwanza tangu bwawa lile limjue, ilikuwa ndani ya maji. Hadi vifundoni tu. Alikuwa amelishika bomba la chuma la ukingoni kwa mikono miwili.

Dada Nomsa alikwenda akasimama nyuma yake. Rosalia anasema alidhani wataanza kugombana mbele ya watoto wa watu. Badala yake bosi wetu alivua viatu, akakaa, akatia miguu yake karibu na ya kwake. Hatujui waliambiana nini, na si kazi ya jarida hili kujua. Tunajua tu kwamba walikaa mpaka chai ikaisha, na kwamba jioni ile simu yangu iliita nami nikasikia sauti ya Dada Nomsa ikiniambia niendelee kuandika, niandike yote, na kwamba amemsamehe na yeye amesamehewa.

Basi nimeandika yote, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mzee Khatibu amesoma kila mstari na kurekebisha mmoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba kabichi za Lushoto ni nzuri, akataka niseme za Mlalo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya mamia ya watu waliotoka kwenye maji ya Eryri wakiwa wazima bila kujua wanamshukuru nani na kwa lipi, tunasema ahsante. Tunamshukuru pia Bi Zubeda kwa usingizi wa Agosti zote alizotukopesha. Mwezi ujao watarudi Mlalo, kwenye nyumba yao yenye ukungu mlangoni, na tumeshaahidiwa matunda.

Sherehe ya kumuaga itafanyika, lakini si ofisini kama ilivyotangazwa. Itafanyika Jumamosi asubuhi kwenye bwawa la Rosettenville. Njooni na taulo. Pilau litakuwepo, na maharage pia. Rosalia atakuwa ndani ya maji upande wa kina kifupi, na mstaafu wetu, ambaye amehudhuria somo hili kwa miaka ishirini na miwili akiwa mkavu, ataingia kwa mara ya kwanza. Dada Nomsa ameomba kazi ya ukingoni, na hatukuwa na la kumbishia.

Maisha mema, Mzee Khatibu. Lala chali, tazama juu. Kamba anayo Nomsa.

Samira, dawati la tiketi